Paa Linalosubiri Kuwa Sakafu

Ukitazama mji wa Nyeri kutoka upande wa Kilima cha Nyeri, au ukipita Karatina kwenye barabara kuu ya kuelekea mlimani, kitu cha kwanza utakachoona juu ya majengo ni vyuma. Vimechomoza kwenye slabu za orofa ya tatu, ya nne, ya tano, vimeinama na kushika kutu, mafungu mafungu pale nguzo zilipokomea. Kila fungu ni ahadi ya mwenye jengo kwamba siku moja, mkopo ukiisha au kahawa ikilipa vizuri, ataongeza orofa nyingine. Kwa sasa slabu ya juu imeachwa wazi. Imebeba matangi meusi ya maji, kamba za kuanikia nguo, antena, na pengine rundo la kokoto lililobaki mafundi walipoondoka. Chini yake inaishi familia iliyolipa kodi ya mwezi.

Mvua kubwa ikianza, familia hiyo ndiyo ya kwanza kujua hali ya slabu. Huanza doa la rangi ya chai kwenye dari, mara nyingi karibu na taa. Kisha rangi huvimba na kubanduka, halafu matone. Mpangaji humpigia simu wakala, wakala humpigia mwenye nyumba, naye mwenye nyumba humtafuta fundi wa kupaka dawa nyeusi. Dawa hupakwa juu ya saruji iliyolowa, na kufikia Novemba inatafutwa tena. Katika miji ya Mlima Kenya mzunguko huu umezoeleka kiasi kwamba watu wengi huona kuvuja ni tabia ya majengo ya ghorofa. Mimi nasema ni matokeo ya uamuzi mmoja unaofanywa siku slabu inapomwagwa, na uamuzi huo ndio unaopanga gharama zote zinazofuata.

Sakafu hujengwa ikiwa tambarare. Paa hujengwa likiwa na mteremko. Slabu ya juu ya jengo lisilokwisha hutakiwa iwe vyote viwili, na mwenye jengo, akifikiria sebule ya mpangaji wa kesho, huchagua utambarare. Maji basi hukosa pa kwenda. Saruji ikikauka ina vinyweleo, na ina nyufa nyembamba mno, hasa kama haikunyweshwa maji vya kutosha katika siku saba za kwanza baada ya kumwagwa. Maji yanayopita juu yake kwa kasi huenda yasiingie. Yaliyotuama siku tatu yatapata njia.

Na mlima huu hauna uhaba wa maji. Wenyeji wa Nyeri wana mvua ya njahĩ kuanzia Machi hadi Mei, na mvua ya mwere kuanzia Oktoba hadi Desemba. Katikati huja gathano, kati ya Juni na Agosti, jua linapopotea nyuma ya mawingu na manyunyu mepesi kuulowesha mji kwa wiki nzima. Ukipanda ng'ambo ya pili, Embu, Chuka na Meru hupokea mvua nzito zaidi mwishoni mwa mwaka. Nanyuki nao umekingwa na mlima, mvua yake ni haba, lakini uko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwenye ikweta yenyewe. Jua la mchana huko ni kali na usiku ni wa baridi. Slabu hutanuka na kunywea kila siku ya Mungu, na lami iliyoachwa wazi hukauka, hukakamaa, kisha hupasuka. Kwa hiyo dawa ya Chuka haiwezi kuwa dawa ya Nanyuki. Chuka, fikiria kwanza mteremko na matundu ya kutolea maji. Nanyuki, fikiria kwanza kinga ya jua: utando wa lami uliotiwa changarawe laini juu, au uliopakwa rangi ya fedha ya alumini inayorudisha miale.

Tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo bei inapozaliwa. Chukua jengo la kawaida la kupangisha, slabu yake mita 12 kwa 15. Hizo ni mita za mraba 180. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 50 inamwaga juu ya slabu hiyo lita 9,000, yaani tani tisa. Ili maji hayo yatoke, wahandisi hutaka mteremko usiopungua sentimita moja kwa kila sentimita 80. Kutoka mstari wa katikati hadi ukingoni ni mita sita, basi katikati panapaswa kuinuka sentimita saba na nusu kuliko ukingo.

Kama slabu ilimwagwa tambarare, mwinuko huo lazima utengenezwe baadaye kwa kumwaga safu ya pili ya saruji. Ukikadiria unene wa wastani wa sentimita sita, utahitaji karibu mita 11 za ujazo. Uzito wake unapita tani 20. Tani hizo zitapandishwa ngazi kwa mabega au kwa winchi ya kukodi, na nguzo zitazibeba miaka yote iliyobaki. Mhandisi anapaswa kuulizwa kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa, na mara nyingi haulizwi. Halafu siku orofa mpya ikijengwa, safu hiyo yote itavunjwa. Mtu anayeuliza tu mita moja ya mraba inazuiwa maji kwa pesa ngapi hajafika kwenye gharama yenyewe. Gharama kubwa iko chini ya utando.

Utando wenyewe ni jambo la wazi zaidi. Unaotumika sana katika miji hii ni ule wa lami iliyochanganywa na plastiki, unaoyeyushwa kwa moto wa gesi na kubandikwa. Huuzwa kwa marola ya mita 10 kwa mita 1, na wa unene wa milimita 4 una uzito wa kilo 40 na zaidi kwa rola. Kila kipande hulalia kingine kwa sentimita 10 ubavuni na sentimita 15 mwishoni, hivyo rola moja halifuniki mita 10 za mraba bali karibu tisa. Slabu yetu itakula marola 20, na mawili zaidi ya kupandisha ukutani. Hiyo ni karibu tani moja ya mzigo kwenye jengo lisilo na lifti. Fundi anayekupa bei bila kuuliza jengo lina orofa ngapi atakurudia akidai nyongeza, au atapunguza marola mahali ambapo huoni.

Mahali pa kupunguza panajulikana. Utando unatakiwa upande ukuta wa ukingoni kwa sentimita 15 hivi na mwisho wake uingizwe kwenye mfereji uliochongwa ukutani, kisha uzibwe. Ukiishia chini, au ukibandikwa tu juu ya plasta, utaachia msimu wa kwanza. Slabu karibu haivuji katikati. Huvujia kwenye kona, kwenye tundu la bomba la kutolea maji, kwenye msingi wa tangi, na pale ambapo mtu alitoboa ili kufunga nguzo ya kamba ya nguo. Nusu ya ujuzi wa kazi hii iko katika hizo sehemu chache ambazo, ukizijumlisha, hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya eneo lote. Ndiyo maana slabu ndogo yenye mabomba mengi inaweza kugharimu zaidi, kwa kila mita, kuliko slabu kubwa iliyo tupu. Wenye nyumba hulalamika kwamba wanaibiwa. Hawaibiwi. Fundi mzuri hulipwa kwa kona.

Saruji iwe imekauka kabla ya moto kuwashwa. Maji yaliyonaswa chini ya lami hugeuka mvuke jua likitoka, na mvuke huinua utando ukawa malengelenge. Kila lengelenge likikanyagwa ni tundu. Kwa Nyeri, muda wa kuaminika ni Januari na Februari, na mafundi wanaojua kazi wanatafutwa sana miezi hiyo. Anayesubiri hadi Aprili hulipia dharura, na hulipia kazi iliyofanywa juu ya unyevu. Tofauti ya miezi miwili tu inaweza kuamua kama pesa imekaa au imesombwa.

Sasa vile vyuma. Rola la lami haliwezi kuzunguka fungu la vyuma sita vilivyosimama karibu karibu. Mafundi hukata tundu, hupaka lami kuzunguka, wakaondoka. Maji hushuka na chuma kama yanavyoshuka na kamba, yakaingia ndani ya nguzo. Kutu hula nafasi mara kadhaa kuliko chuma kilichozaa kutu hiyo, hivyo hupasua saruji kutoka ndani, na hapo uharibifu umehama kutoka kwenye dari na kuingia katika kiungo kinachobeba jengo. Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko doa lolote la rangi. Mwenye jengo anaacha vyuma nje kwa ajili ya orofa ya kesho, na baada ya miaka 10 vyuma vyenyewe havifai kubeba orofa hiyo.

Dawa ipo na haina siri. Kila fungu la vyuma husafishwa kutu kwa brashi ya waya, hupakwa uji wa saruji au rangi ya kuzuia kutu, kisha hufunikwa kwa kisiki cha saruji dhaifu ambacho kitavunjwa kirahisi baadaye. Kisiki kinakuwa kama kijinguzo, na utando unapata pa kupanda. Kuzunguka kisiki, na kwenye mabomba, dawa ya maji inayopakwa kwa brashi inafaa zaidi kuliko rola, kwa sababu haina maungio. Ya poliuretani hunyumbulika na huvumilia jua kali, ila bei yake iko juu na haitaki unyevu kabisa wakati wa kupakwa. Ya akriliki ni rahisi na rangi yake nyeupe hupoza nyumba, lakini haipendi maji yanayotuama. Ukiipaka kwenye slabu tambarare ya Nyeri umetupa pesa, hata kama muuzaji alikuonyesha ndoo yenye picha nzuri.

Kuna njia nyingine ambayo wenye majengo wengi wa Karatina na Nyeri wameifikia kwa akili zao wenyewe: kuezeka mabati juu ya slabu. Husimamisha fremu ya chuma au mbao, paa jepesi lenye mteremko, pande zote wazi, na chini yake wapangaji huanika nguo hata siku ya mvua. Uzito wake ni sehemu ndogo sana ya zile tani 20. Orofa mpya ikijengwa, mabati hufunguliwa na kupandishwa tena. Na zile lita 9,000 za jioni moja huingia kwenye gata na tangi badala ya kuingia kwenye dari. Ninalipenda wazo hili. Lina masharti yake: lifungwe imara dhidi ya upepo, mabati yawe ya geji 28 badala ya yale membamba ya 32, misumari iwe na mpira wake, na ramani ya nyongeza ipitishwe na kaunti kama Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inavyotaka. Ukilinganisha gharama ya mabati na gharama ya mteremko, utando na marudio yake, mara nyingi mabati yanashinda.

Tena si wazo geni katika nchi zetu. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa zikiwa na mapaa ya bapa: boriti za mikoko, mawe ya matumbawe, na tabaka nene la chokaa lililopondwapondwa hadi likashikana. Yalihitaji kutunzwa daima, na mvua za pwani hazikuyahurumia. Lamu waliweka makuti juu ya dari hizo. Unguja mabati ya mawimbi yalipofika yakawekwa juu ya mapaa ya chokaa. Watu waliokuwa na ujuzi wa chokaa kwa karne nyingi waliona kwamba paa la bapa linataka paa lingine juu yake. Sisi wa bara, wenye saruji na vyuma, tunarudia somo hilo kwa gharama yetu.

Nyumba za Wagĩkũyũ za zamani nazo zilikuwa na hekima hiyo. Nyasi zilishuka kwa mteremko mkali na ukingo wake ukapita ukuta, ukautunza usiloe. Maduka ya zamani ya Wahindi katika miji hii yalikuwa na mabati yaliyonyooshwa juu ya baraza. Siku hizi mtindo unaopendwa kwenye mitaa mipya ya Nyeri na Nanyuki ni paa lililofichwa: mabati yenye mteremko mdogo yakizungukwa na kuta ndefu ili nyumba ionekane ya bapa kutoka barabarani. Maji yote hushukia kwenye gata ya ndani, nyuma ya ukuta. Jani la mkaratusi likiziba tundu moja, au mvua ya mawe ikijaza gata, maji hupanda juu ya ukingo wa bati na kuingia sebuleni. Anayeutaka mtindo huu aujenge kwa gata pana, matundu mawili kila upande, na bomba la dharura lililotoboa ukuta wa mbele ili maji yakizidi yaonekane yakimwagika nje. Gharama yake ya kuzuia maji itakuwa juu kuliko ya paa la kawaida lenye ukingo uliotokeza, sasa na kila mwaka, na mchoraji ramani anapaswa kumwambia mteja hivyo mapema.

Bafu za nyumba za kupanga zinastahili makala yao peke yao. Kwa ufupi, vigae havizuii maji. Saruji iliyo kati yake hupitisha. Kinga ni uji wa saruji unaonyumbulika, mikono miwili, wenye wavu kwenye kona, unaopakwa kabla ya vigae kuwekwa na kupandishwa ukutani, hasa upande wa kuogea. Kazi hiyo wakati wa ujenzi ni ya siku chache. Baada ya wapangaji kuingia, inamaanisha kuvunja vigae, kuhamisha watu, na kununua vigae vingine, na bei ya dawa yenyewe inakuwa kitu kidogo kabisa katika hesabu.

Kuta nazo hudanganya. Nyeri umejengwa kwenye miteremko, na maduka mengi yamechimbwa nyuma yakaegemea udongo. Udongo mwekundu wa volkeno hunywa mvua na kuisukuma dhidi ya ukuta. Kupaka dawa kwa ndani ni kupigana na maji yakiwa yamekwisha ingia. Kinga ya kweli huwekwa upande wa udongo, pamoja na mtaro wa kokoto na bomba lenye matundu la kuyaondoa. Mara jengo likisimama, upande huo haufikiki bila kuchimba. Unyevu unaopanda kutoka chini nao huzuiwa na ule mkanda wa lami unaolazwa juu ya msingi, sentimita 15 juu ya ardhi, ambao bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na nyumba nzima. Mtu akijaza udongo wa maua nje hadi ukapita mkanda huo, ameufuta.

Lakini kabla ya kumlipa mtu yeyote, hakikisha ni maji gani. Wakati wa gathano nyumba za mawe huwa baridi, madirisha hufungwa, jiko huchemsha githeri saa tatu mfululizo, na mvuke hugeuka matone kwenye ukuta. Ukungu mweusi hutokea kwenye kona nyuma ya kabati, na mwenye nyumba humwita fundi wa paa. Bandika kipande cha polithini ukutani kwa selotepu, pande zote nne, ukiache siku mbili tatu. Maji yakionekana nyuma ya polithini, yanatoka ukutani. Yakionekana mbele, yanatoka hewani, na tiba yake ni kufungua dirisha. Jaribio hilo linagharimu shilingi chache na linaweza kuokoa maelfu, na linaweza kuokoa vifua vya watoto wanaolala karibu na ukuta huo.

Yapo mambo ambayo mwenye nyumba hayatawali. Lami hutokana na mafuta ghafi, na dawa nyingi huagizwa kutoka nje. Shilingi ilipofika karibu 160 kwa dola Januari 2024, bei za vifaa hivi zilipanda. Iliporudi karibu 129 mwaka huo huo, maduka mengi hayakuharakisha kushusha. Ongeza ushuru wa asilimia 16 na usafiri kutoka Nairobi, kilomita 150 hivi hadi Nyeri na zaidi ya 200 hadi Meru kupitia Embu. Hapo mtu anaweza tu kununua kwa pamoja na jirani ili lori lijae.

Lililo mikononi mwake ni majaribio. Kazi ikiisha, matundu huzibwa na slabu hujazwa maji kina cha sentimita tano kwa saa 24 hadi 48, huku dari ya chini ikiangaliwa. Fundi alipwe sehemu ya mwisho baada ya hapo, na dhamana iandikwe ikitaja kona na mabomba kwa majina. Kanuni mpya za taifa za ujenzi, zilizoanza kutumika Machi 2025 na kuchukua nafasi ya zile za 1968, zimezipa kaunti nafasi ya kukagua upya namna zinavyoidhinisha majengo. Ningependa kuona Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru zikikataa kutoa cheti cha kukaliwa kwa jengo lolote ambalo slabu yake ya juu haijajaribiwa kwa maji, hata kama mwenyewe anaapa kwamba orofa nyingine inakuja mwaka ujao. Wapangaji wa orofa ya juu wanalipa kodi mwaka huu.